Mbwa Wenye Adabu

Utani ule aliuanzisha Mzee Wastani mwenyewe, na siku ya kwanza tulicheka sote. Kila robo ya mwaka tulijifungia kwenye chumba cha mikutano cha bohari ya dawa, chumba chenye feni mbili, moja ya kuzunguka na moja ya pambo, tukapitia vituo kimoja kimoja kwenye jedwali lililoangazwa ukutani. Dawa gani ilitoka, kiasi gani. Basi na robo ijayo itoke kiasi hicho hicho, na nyongeza kidogo ya dharura. Tulipofika zahanati ya machimboni, kule wanakopasua kokoto, mstari wa chanjo ya kichaa cha mbwa ulikuwa sifuri. Robo ya nyuma yake, sifuri. Mwaka wa nyuma, sifuri tupu. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema, "Machimboni mbwa wana adabu."

Tukacheka, tukahamia mstari unaofuata. Utani ukazaa watoto. Kituo kisichotoa dawa ya kuhara tulisema watu wake wana matumbo ya chuma. Kituo kisichotoa dawa za kuungua kwa moto na maji ya moto, huko wanapika kwa baridi. Kazi ya makisio inachosha, na mtu aliyechoka hucheka chochote.

Jina la Wastani tulimpa sisi wa chini yake, kwa sababu kila jambo alilipima kwa wastani, hata sukari ya chai. Alikuwa mkuu wa mipango tangu enzi za karatasi na penseli, na imani yake ilikuwa moja: kilichotoka ndicho kinachohitajika. Mengine yote aliyaita hadithi. Ukimwambia kituo fulani kimeomba dawa nyingi zaidi, anatabasamu. "Omba kumi upate tano," anasema. "Wanajua nitakata, kwa hiyo wanaongeza. Mimi najua wameongeza, kwa hiyo nakata. Sasa tuishi hivyo mpaka kiama? Bora nitazame kilichotoka mlangoni. Mlango hauna uongo."

Haki yake nimpe. Kabla yake bohari ile ilikuwa shamba la bibi. Kila mwenye mjomba ofisini alitoka na mfuko. Yeye akafunga matundu yote, akaweka sheria aliyoirudia mpaka walinzi wakaikariri: dawa haina shemeji. Mkewe alipougua, alipanga foleni dirishani kama mgonjwa mwingine yeyote, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jua likamchoma utosini, na mumewe ana funguo za bohari nzima mfukoni. Alipona, na kisa hicho kikawa sifa ya mzee mji mzima. Nilimheshimu. Bado namheshimu, na hilo ndilo linaloniuma.

Mimi wananiita Kwanini, na sababu yake haihitaji kuelezwa. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa nimeshakasirika. Katika kikao kimoja ile sifuri ya machimboni ilinikaa kooni, nikashindwa kuimeza.

"Mzee, kituo kisichopelekewa chanjo kitatoaje chanjo?"

"Wangekuwa na haja, wangeomba."

"Waliomba. Ukakata."

"Nilikata kwa sababu hawakuwa wametoa hata moja."

"Hawakutoa kwa sababu hawakuwa nayo!"

Wenzangu wakaanza kutazama meza. Mzee hakukasirika, hakuwa mtu wa hasira. "Mwanangu," alisema, "hospitali ya mjini inatoa chanjo hii kila siku, na kila robo inazidi. Huko ndiko mbwa wakali, huko ndiko ninakopeleka. Unataka niwanyang'anye wanaoumwa niwape wasioumwa?"

Hakuna aliyeuliza hao wanaochomwa sindano mjini wanatoka wapi. Nami sikuwa na jibu la namba, nina hasira tu, na hasira haiingii kwenye jedwali. Mzee akanionea huruma. "Gari la robo hii likienda, panda nalo. Kaone kwa macho yako, usije ukasema mzee mkaidi."

Nikapanda. Njia ya machimboni ni mbovu na ndefu, na ukifika unajua umefika kwa meno: vumbi la mawe linasagika mdomoni kabla hujaona kitu. Majani yote ni meupe. Mashine ya kusaga kokoto hainyamazi, na watu wa kule wamezoea kuongea kwa kupayuka hata wakiwa chumbani. Zahanati ina vyumba viwili na benchi nje lililong'arishwa na makalio ya wagonjwa. Nesi wake, mama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa mazoezi, alinipokea kwa furaha ya mtu asiyepata wageni.

"Karibu, mdogo wangu. Kaa hapo juu ya minyoo."

Nilitazama. Kiti kilikuwa makasha matatu ya dawa ya minyoo yaliyofungwa na utepe wetu wa bohari. Nyuma yake mengine yamepangwa hadi darini.

"Kuna mwaka shule zote zilipewa dawa ya minyoo kwa siku moja," alisema. "Zikaisha hapa. Tangu siku hiyo mnaniletea kama vile kila siku ni ile. Nimeandika barua, nimepiga simu. Sasa nakalia."

Nikamuuliza kuhusu mbwa. Akacheka, lakini si kile kicheko chetu cha ofisini.

"Mbwa? We! Hapa mbwa ni wengi kuliko wapasua mawe. Wanakuja kwa mifupa ya majikoni. Wanauma, ndiyo. Wanakuja watu hapa, namwosha mtu kidonda kwa sabuni na maji mengi, namwambia nenda mjini, chanjo sina."

"Wanaenda?"

"Mwenye nguvu anaenda. Sindano nne ndani ya mwezi, na kila sindano ni safari. Wengine wanasema watarudi Alhamisi waone kama imekuja. Wanarudi, naona aibu, nawaambia tena nenda mjini."

"Ni wangapi?"

"Wengi."

"Wangapi, nesi?"

Akageuza daftari la zahanati nilione. Safu ilikuwa ya dawa iliyotolewa na aliyepewa. "Aliyerudi mikono mitupu nimwandike wapi? Hana safu," alisema.

Kwa chakula cha mchana dereva alinipeleka jikoni kwa Shiba. Lilikuwa banda la mabati, lenye masufuria makubwa na mwanamke mrefu mcheshi, ambaye wapasua mawe walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyeondoka kwake akiwa na nafasi tumboni. Aliwatania wote. Mmoja alilalamika mchuzi mwepesi, akamjibu, "Mchuzi wangu haujambo, kaka, ni mfuko wako ndio mwepesi." Mkono wa kulia alikuwa ameufunga kitambaa.

Alipoona nembo ya bohari kwenye shati langu, alininyatia, akainama kama anayefuta meza.

"Dada, mzee hajambo?"

"Mzee yupi?"

"Mnamwita Wastani. Ni baba yangu." Akatazama nyuma. "Ila hapa hawajui, na tafadhali wasijue. Wakijua mimi ni mtoto wa bohari, kesho nitapangiwa foleni ya dawa badala ya ubwabwa. Baba hataki hayo."

Nikamuuliza mkono umefanyaje.

"Ah, mbwa. Mmoja wa hawa hawa ninaowatupia mifupa. Alikuja anayumbayumba, nikadhani ana njaa, nikamsogezea sahani. Fadhila ya punda mateke, basi fadhila ya mbwa meno." Akacheka peke yake. "Nimekwenda zahanati mara mbili. Hamna. Ni mkwaruzo tu, dada."

Nilimwambia mkwaruzo wa mbwa anayeyumba si mkwaruzo, ugonjwa ule ukishaanza hauna dawa, ni chanjo kabla au kaburi baada. Nilimwambia maneno hayo hayo, makavu. Cheko likamtoka usoni. Nikamshika mkono ule mzima, nikampeleka nyuma ya lundo la kokoto, ambako dereva alisema mtandao hushika, nikampigia mzee.

Mzee aliposikia akasema, "Mpe simu."

Sikusikia upande wake, nilisikia wa binti tu. "Ndiyo, baba. Hapana, baba. Nikija kukaa kwako mwezi mzima nani atapika? Na watoto? Mkweo na hiyo mashine yake ya kutoboa miamba harudi mpaka jioni... Sikutaka kukusumbua, baba. Uliniambia mwenyewe nisiombe."

Nilimpokonya simu, sina adabu ya kusubiri. "Mzee, tatizo si yeye aje. Tatizo ni kituo hakina. Nesi anasema wanaoumwa ni wengi. Leta za watu kumi."

"Wengi si idadi," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua nguvu. "Ushahidi ulionao ni mtu mmoja. Na huyo mmoja ni mwanangu. Nikituma kumi leo, kesho watasema Wastani kafungua bohari kwa ajili ya mtoto wake, na watasema kweli."

"Basi tuma ya mmoja, lakini tuma sasa!"

"Nitatuma. Dozi ya mtu mmoja, kwa malori ya mawe. Itaandikwa jina la kituo, si la mtu. Anayehitaji atapewa."

Nilipokata simu, Shiba alikuwa anatabasamu. "Umemwona baba yangu? Hata kunipenda ananipenda kwa utaratibu." Alifurahi kweli. Aliniongezea nyama na akakataa nisilipe.

Kasha la baridi lilifika machimboni. Hilo najua kwa sababu mimi ndiye niliyelifunga, nikalipakia mbele kwa dereva wa lori, nikamwambia akiliacha juani nitamfuata kwao. Siku chache baadaye mzee aliingia ofisini kwangu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, akasimama mlangoni.

"Nimeongea naye," alisema. "Ameshachomwa. Ananiambia nisihangaike." Akabaki pale anachezea funguo zake. "Asante, Kwanini." Nilimwona amekuwa mwepesi, akaenda zake anapiga mluzi.

Kilichotokea kule nilikuja kusimuliwa baadaye na nesi, akilia na kufuta pua kwa upindo wa koti lake jeupe. Asubuhi kasha lilipofika, habari ilishatangulia, maana dereva wa lori hana siri. Benchi likajaa. Walikuja waliokwisha kurudishwa wiki ile na wiki za nyuma, watu ambao yeye mwenyewe alishawasahau, kila mmoja na kovu lake au kitambaa chake. Na dozi ilikuwa ya mtu mmoja. Shiba alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Wa mwisho kuingia alikuwa mke wa mlinzi wa machimbo, ameumwa shavuni usiku wa kuamkia siku ile, nyama imening'inia. Nesi alijua kwamba jeraha likiwa karibu na kichwa ugonjwa haukawii. Akasimama na kile kichupa, hajui la kufanya.

"Shiba ndiye aliyeniamulia," alisema nesi. "Akasema, 'Mpe huyo, mimi ni mkono tu. Nyingine si zinakuja?' Nikamwambia zinakuja. Nilijua mtu wa bohari ameshaona kwa macho yake, nikajua zinakuja. Mimi sikujua ni mtoto wa nani, mdogo wangu. Angenong'ona tu."

Hakunong'ona. Na baba yake alipompigia simu kumuuliza, akamwambia ameshachomwa. Mtu atasema ni uongo. Mimi nasema alimhurumia. Angemwambia kweli, mzee angelazimika kuchagua kati ya sheria yake na mwanawe mara ya pili ndani ya wiki moja, na yeye aliona nyingine ziko njiani, kwa nini amtese mzee bure.

Nesi naye, kwa mara ya kwanza, alikaa akahesabu. Akaandika ombi: chanjo, dozi za watu kumi. Halikuwa na majina, kwa sababu fomu yetu haina nafasi ya majina. Likafika mezani kwa mzee pamoja na maombi mengine yote ya robo.

"Si nilisema?" mzee aliniita nikaone. Hakuwa na ubaya, alikuwa kama mwalimu aliyepata mfano mzuri wa kufundishia. "Miaka yote sifuri. Tumewapelekea ya mtu mmoja, mara kumi. Ukiwaonjesha, wanazidisha."

"Mzee, wale ni watu. Walikuwepo siku zote, walikuwa hawana cha kujia."

"Walitoa ngapi?"

"Walipewa moja!"

"Basi wametoa moja. Nawapa mbili, nimeongeza mara mbili nzima. Zitakwenda na gari la robo."

Nilipiga meza. Chai ikamwagika kwenye makaratasi yake. Nilimwambia kwamba anapima njaa ya mtu kwa kuhesabu sahani alizonyimwa, na kwamba kikokotoo kingeweza kufanya kazi yake bila kula mshahara. Wenzangu walinitoa nje. Nikampigia nesi, akaniapia kwamba ni kumi, amewaona yeye mwenyewe. Nikapeleka maelezo yale kwa mkurugenzi, naye akayarudisha kwa mkuu wa mipango kwa ushauri. Huko ndiko kwa Wastani. Ukisikia nyani haoni kundule, ujue na ofisi pia haina kioo.

Na mzee alilala usingizi wake, kwa sababu mwanawe alishachomwa.

Aliyetuletea kweli alikuwa mkwewe, yule wa kutoboa miamba. Alikuja na lori la mawe asubuhi, mkewe amemfunika shuka kichwani kwa sababu upepo wa dirishani ulimtia hofu. Alimpeleka moja kwa moja hospitali ya mjini, kisha akaja bohari kwa miguu, vumbi jeupe limemjaa hadi kwenye kope. Tulikuwa uani, mzee na mimi, tunakagua mzigo.

"Baba," alisema mkwe, "mkono ulianza kumwasha. Sasa hawezi kunywa maji. Akiona kikombe anakabwa."

Mzee alimtazama. "Si alichomwa?"

"Hakuchomwa, baba. Zilikuwa za mtu mmoja. Alimwachia mwenzake, akawa anasubiri nyingine."

Mzee alikaa chini pale pale, juu ya saruji, miongoni mwa makasha.

Wodini walikuwa wamezima feni na kufunika madirisha. Shiba alikuwa na vipindi. Kuna dakika anahangaika mpaka wanamshika watu wanne, na mate yanamtoka, na sauti yake si yake. Kisha anatulia, anakuwa yeye kabisa, na hizo dakika za utulivu ndizo mbaya zaidi, kwa sababu anajua. Daktari alishatuambia nje, kwa upole, kwamba kilichobaki ni kumpunguzia mateso. Katika dakika moja ya hizo, baba yake alimkaribia, anamfuta paji la uso kwa kitambaa kikavu maana chenye maji alikiogopa.

"Nilipanga foleni, baba," alimwambia. "Haikunifikia tu."

Alisema bila lawama. Alisema kama mtoto anayeeleza kwamba alifanya alivyotumwa. Mzee alitoka nje, akaegemea ukuta wa koridoni, akaupiga kwa paji la uso, si kwa nguvu, tena na tena, hadi nilipoweka kiganja changu katikati.

"Nenda bohari," aliniambia. "Toa kumi. Leo hii. Nitasaini nikija, na kama sikuja, saini jina langu."

Nilijua waliobaki kusubiri ni tisa. Nilitoa kumi. Wale tisa wote walichomwa, na mpaka leo wako hai, mke wa mlinzi pia yuko hai na kovu lake shavuni. Shiba tulimzika wiki ile ile. Wapasua mawe walikuja na malori mawili, na mazikoni ndiko walikojua ni mtoto wa nani. Mmoja wao, yule wa mchuzi mwepesi, alimshika mzee mkono akasema, "Ungetuambia, mzee wetu. Tungempisha." Ilikuwa pole ya dhati. Nilimwona mzee akiipokea kama aliyepigwa.

Watu walitegemea astaafu. Hakustaafu. Robo ilipoisha alikuja kikaoni na shati lake lile lile na miwani yake, amekonda shingo, akakaa mahali pake. Hatukujua tumtazame wapi. Mwenzetu wa takwimu akawasha jedwali ukutani, tukaanza, kituo baada ya kituo, kwa sauti za chini. Tukafika machimboni. Kompyuta ilikuwa imeona dozi nyingi zimetoka mlangoni, na kwa kufuata kanuni yetu ile ile, ikapendekeza machimboni wapewe rundo.

"Machimboni sasa mbwa wamekosa..." mwenzetu wa takwimu alianza, kwa mazoea tu, ulimi umetangulia akili. Akaziba mdomo kwa viganja viwili.

Mzee alikuwa anasoma mstari ule.

"Yuko wapi hapa?" aliuliza.

Hatukuelewa.

"Mwanangu. Nionyesheni alipo."

Nikatazama jedwali ingawa nilijua. Dozi moja ilitoka, ni ya mke wa mlinzi. Kisha zile kumi, tisa zimetumika, moja imebaki kwenye friji la nesi. Kila aliyepewa alikuwepo.

"Hayupo, mzee," nilisema. "Hakupewa."

"Hakupewa," alirudia. "Kwa hiyo hakuhitaji."

Akainuka, akasogea mpaka mwanga wa jedwali ukamwangukia shatini na usoni, namba zikamtambaa shingoni. Juu na chini ya machimboni kulikuwa na vituo vingine, na mistari yao ya chanjo ilikuwa kama tulivyoizoea. Akaweka kidole kwenye sifuri ya kwanza.

"Hii sifuri ni mtoto wa nani?"

Akashusha kidole.

"Na hii?"

Alikwenda hivyo ukuta mzima, na sisi tumekaa. Mwenzetu wa takwimu alikuwa analia waziwazi. Mimi hasira yangu yote niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya siku hii, siku ambayo mzee angekubali, niliitafuta sikuiona. Alipomaliza ukuta aligeuka, akaonekana mzee kweli, na akatuambia tuache kompyuta, kila mtu achukue simu na vituo vyake, tusiulize walitoa nini.

Nilichukua kituo cha juu kabisa kwenye jedwali, ambacho sifuri yake sikumbuki ilianza lini. Aliyepokea alikuwa nesi, kwa sauti mtu wa makamo, nyuma yake kuna kitoto kinalia. Nilijitambulisha, nikamwambia nataka idadi ya walioumwa na mbwa.

"Tuliowapa chanjo? Sifuri, dada. Si mnajua hamjatuletea?"

"Hapana," nilisema. "Nataka wale mliowarudisha."

Akaniomba nisubiri kidogo kwenye simu, awaite wenzake waje wamsaidie kukumbuka.